Eksirei kama Kitambulisho cha Elementi Nzito Mno: Mfano wa Elementi ya 115

Elementi hutambulishwa na idadi ya protoni katika kiini cha atomu yake. Kuzihesabu protoni hizo kwa elementi nzito mno ni kazi ngumu, kwa kuwa atomu hupatikana moja moja na aghalabu hutoweka kabla ya sekunde moja kupita.

Njia iliyozoeleka ni kufuata mlolongo wa mivunjiko ya alfa. Kila chembe ya alfa huondoka na protoni mbili, na mlolongo ukifika kwenye kiini kinachojulikana, mzazi hutambulika kwa kuhesabu kurudi nyuma. Mlolongo wa moskovi-288 haukutoa nafasi hiyo: hupitia elementi za 113, 111, 109 na 107, kisha hufika kwenye dubni-268 na kukatika kwa mpasuko wa kiini. Hoja ya namba 115 ilibaki imara, lakini si ya moja kwa moja.

Eksirei huziba pengo hilo. Mwaka 1913 Henry Moseley alionesha kwamba kipeuo cha pili cha masafa ya eksirei bainifu hupanda kwa hatua zilizo sawa kadiri namba atomia inavyoongezeka. Kiini kinachobaki baada ya mvunjiko wa alfa mara nyingine huwa na nishati ya ziada, nacho huweza kuimwaga kwa kuisukuma nje elektroni ya ganda la K. Elektroni ya ganda la juu hushuka kuliziba pengo na kutoa eksirei yenye nishati maalumu kwa elementi hiyo. Izingatiwe kuwa anayetambulishwa hapa ni mtoto, si mzazi; protoni mbili huongezwa baadaye. Kwa njia hiyo, mwaka 1973 watafiti wa Oak Ridge, Marekani, waliithibitisha elementi ya 104 kwa eksirei za nobeli, elementi ya 102.

Jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Lund lilifanyika GSI, Darmstadt, mwaka 2012. Kalisi-48 ilirushwa dhidi ya amerisi-243, na vigunduzi vya silikoni vikazungukwa na vya gerimani ili alfa na fotoni zinaswe kwa pamoja. Ilipatikana milolongo 30. Baadhi ya fotoni zililingana na eksirei zilizotarajiwa za bohri, elementi ya 107, lakini zilikuwa chache mno kuwa ushahidi wa mwisho. Uchache huo hauna budi kupewa uzito: tofauti kati ya elementi jirani ni takriban kilo-elektronivolti 3 tu, na mwali wa gama wenye nishati inayokaribiana unaweza kudhaniwa kuwa eksirei.

Elementi ya 115 ilitambuliwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2015 bila alama hiyo ya kidole. Mwaka 2018, watafiti wa Berkeley walipima moja kwa moja namba ya uzito ya moskovi na kupata 288. Hata hivyo, namba ya uzito ni jumla ya protoni na nyutroni. Haielezi ni ngapi kati yake zilizo protoni.