Stoo Yako Ndiyo Chumba cha Mtoto: Panga Mzigo Kabla Mkono Wake Haujaufikia

Leo sizungumzii kupandisha mauzo, wala yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo nazungumzia yule mtu mdogo anayekaa chini sakafuni wakati wewe unapaki oda.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna fremu. Duka ni simu, stoo ni sebule, na kaunta ni kitanda. Inatuokolea kodi, sawa. Lakini ina maana mtoto wako analala, anacheza na anatambaa ndani ya stoo. Na mtoto wa miezi 8 hajui hiki ni mzigo wa mteja. Yeye kila kitu anakikagua kwa mdomo.

Habari njema ni kwamba ujuzi wa kumlinda tayari unao. Mzigo ukifika unahesabu, unakagua, unapanga. Fanya hivyo hivyo, ila safari hii ukimfikiria mtoto. Hifadhi posti hii, twende taratibu.

1. PIMA MKONO WAKE UNAFIKA WAPI

Kabla hujanunua kabati, piga magoti. Tambaa kweli chumba kizima, usione aibu, hakuna anayekuona. Ukiwa chini utaona vitu ambavyo ukisimama huvioni: pini chini ya kochi, waya wa pasi unaoning'inia, kizibo cha pafyumu.

Kisha weka kanuni moja ya nyumba: kinachoweza kumezwa, kunywewa au kuunguza kinakaa juu, kwenye kitu chenye mfuniko wa kubana. Kama unaishi chumba kimoja, pigilia msumari juu ukutani na utundike mfuko mgumu, au nunua ndoo yenye mfuniko unaobana uipandishe juu ya kabati. Shelfu ndefu ifunge ukutani, na maboksi mazito yakae chini, mepesi juu. Mtoto anayejifunza kusimama anashika chochote apate kujivuta, na kikiwa chepesi kuyumba kinamwangukia.

2. KIPIMO CHA VITU VIDOGO

Chukua lile boksi la duara linalobaki katikati karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopenya humo kinaweza kuziba koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Pitisha bidhaa zako: shanga, hereni, vifungo, vibanio vya nywele, macho ya midoli, hata vile vipakiti vidogo vinavyowekwa ndani ya viatu na mabegi kuzuia unyevu. Kinachopita, kinapanda juu.

Kuna vitu vitatu naomba uvipe ulinzi kuliko vyote:

Betri bapa za duara, zile zinazofanana na sarafu. Ziko kwenye mzani mdogo wa kupimia, rimoti, mishumaa ya umeme, midoli inayoimba na saa. Ile iliyoandikwa CR2032 ina upana wa milimita 20, na inaweza kukwama kwenye koo la mtoto vizuri kabisa. Ikikwama, umeme wake ukikutana na mate unatengeneza kemikali kali inayochoma nyama ya ndani, na majeraha mabaya yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri uliyoitoa kwa sababu imeisha bado ina umeme wa kutosha kuchoma. Kwa hiyo betri ya zamani usiiache mezani. Ifunge na selotepu pande zote mbili, kisha iweke juu mpaka utakapoitupa.

Sumaku ndogo zenye nguvu. Akimeza mbili au zaidi, zinavutana zikiwa kwenye utumbo na kuubana katikati mpaka utoboke.

Zile shanga za maji zinazowekwa kwenye maua. Zinaingia zikiwa ndogo kama punje ya mtama, halafu zinavimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo.

Kama unauza hivi vitu, hesabu kabla na baada ya kupaki. Ulifungua sumaku 12, umepaki 11? Usilale mpaka umeiona ya 12.

3. VYA KUNYWEWA

Wauza sabuni ya maji na vipodozi, hapa nasema na nyie. Kamwe usihamishie sabuni, jiki, mafuta ya taa au asetoni kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto hasomi lebo. Anachojua ni kwamba chupa ile ndiyo anayonywea kila siku.

Dawa ya kulainisha nywele na kostiki soda vinachoma mdomo na koo. Mafuta ya taa yanateleza kuingia kwenye mapafu. Pafyumu na sanitaiza zina spiriti, na kwa mwili mdogo spiriti inaweza kushusha sukari kwenye damu mpaka mtoto akazimia. Na wauza virutubisho: vidonge vya kuongeza damu ni hatari kubwa kwa mtoto akila vingi, na vile vya kutafuna vinafanana kabisa na pipi. Usimdanganye mtoto kwamba dawa ni pipi ili ameze. Siku moja atajihudumia mwenyewe.

4. MIFUKO, NDOO NA PASI

Mifuko laini ya nailoni inayofunika nguo mpya inaganda usoni na mtoto mdogo hana nguvu ya kuitoa. Ukishatoa nguo, funga mfuko fundo na uutupe hapo hapo.

Wauza mitumba mnaofua kabla ya kupiga picha: mwaga maji ukimaliza. Usiseme "nitarudi kusuuza". Mtoto mdogo ana kichwa kizito, akiinama kwenye ndoo akaingia hawezi kujitoa, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Na hatapiga kelele. Kuzama kwa mtoto ni kimya.

Pasi ikishazimwa bado ina moto kwa muda mrefu. Iweke juu pamoja na waya wake, usiuache ukining'inia. Vivyo hivyo mashine ya kubania mifuko na kikombe chako cha chai.

5. SAA YA HATARI NI SAA YA ODA NYINGI

Fikiria siku ya tarehe za mshahara. Simu inalia, bodaboda yuko nje anapiga honi, wewe uko laivu unaonyesha mzigo, maboksi yote yako wazi. Kila ulichopanga juu kimeshuka chini. Hapo ndipo mtoto anapokuwa na nafasi, na hapo ndipo macho yako yako kwenye skrini.

Kwa hiyo panga laivu kama unavyopanga mtaji. Kama kuna dada wa kazi, baba, bibi au jirani, mwambie waziwazi: "Kuanzia saa 2 mpaka saa 3 mtoto yuko kwako." Siyo "muangalieni mtoto", maana mtoto wa watu wote ndiye asiyeangaliwa na mtu. Kama uko peke yako, ingia laivu akiwa amelala, na pakia sehemu moja tu ya chumba. Ukimaliza, fagia kabla hujajibu meseji. Meseji itasubiri dakika 5.

6. LIKITOKEA, FANYA HIVI

Amekabwa na kitu kooni. Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, kaa naye karibu. Kama hatoi sauti, hapumui au anabadilika rangi, piga kelele za msaada na uanze. Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Mgeuze, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua mara 5. Rudia. Zaidi ya mwaka 1: muinamishe, mpige mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu, na uvute ndani na juu mara 5. Rudia. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, akimbizwe hospitali huku anayejua kubonyeza kifua na kupuliza pumzi akianza mara moja. Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, na ni mafunzo yanayomfaa kila mzazi.

Unahisi amemeza betri. Usisubiri dalili, maana anaweza kuonekana mzima, au akaanza tu kutokwa na mate, kukohoa na kukataa chakula. Nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi na useme neno hilo mlangoni: betri. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama amevuka mwaka 1, ameimeza ndani ya saa 12 na anameza vizuri, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Usichelewe kutoka kwa kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa.

Amekunywa sabuni, mafuta ya taa au kemikali. Usimtapishe. Kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yataingia mapafuni. Usimlazimishe maziwa wala mafuta ya kula. Mfute mdomo, beba chupa yenyewe, nenda hospitali.

Ameungua. Maji baridi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Kama bomba halitoki, mwagia kwa kopo mfululizo. Vua nguo isiyoganda, vua bangili na shanga kabla hapajavimba, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, mafuta na unga viache jikoni. Kwa mtoto mdogo, mpeleke akaonekane.

7. NA MTEJA WAKO ANA MTOTO PIA

Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kuhusu mdoli wa taa: "Betri yake inafunguka kirahisi?" Hakuuliza bei kwanza. Toka hapo kila posti ya kitu cha watoto naandika mistari mitatu: umri unaofaa, kama kuna vipande vidogo, na kama sehemu ya betri imefungwa kwa skrubu. Ikiwa haina skrubu, siuzi kama kitu cha mtoto. Ikiwa boksi lina alama ya kukataza miaka 0 mpaka 3, naipiga picha na kuiweka wazi, siifichi ili niuze.

Utapoteza oda chache, ni kweli. Lakini mzazi uliyemwambia "huu haumfai mtoto wako, subiri akue" anarudi, na anakuja na mashoga zake.

KAZI YA LEO USIKU: kabla hujalala, tambaa chumba chako mara moja, na pitisha bidhaa 10 kwenye lile boksi la karatasi ya chooni. Dakika 15 tu. Halafu andika hapo chini unauza nini na mtoto wako ana umri gani, tuambiane cha kupandisha juu kwanza. Mtumie na mwenzako mwenye mtoto mdogo na mzigo sebuleni.

Mtaji ukipotea unatafutwa tena. Kazi njema, wapambanaji.