Atafutaye Hachoki

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twaukumbuka mwaka 1951, Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto. Hawakushika mikuki. Waliona ya kuwa juu ya boma liko baraza kubwa zaidi, yaani Umoja wa Mataifa, mdhamini wa Tanganyika. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York, akaeleza mashaka yao. Ardhi hawakurudishiwa siku ile. Lakini njia ilikwisha kufyekwa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere akaipita, akiisemea Tanganyika nzima. Basi, ndugu, ukikataliwa karibu, usiketi ukilia. Tazama mbali zaidi, uinuke, uende. Atafutaye hachoki, akichoka, keshapata.