Zawadi ya Sikukuu: Fundi wa Kijijini Tusimsahau

Sikukuu ikikaribia, kila nyumba ina hesabu zake. Watoto wanataka nguo mpya. Bibi anatazamia khanga. Wakwe nao wanatazamia chochote, maana mkono mtupu haulambwi. Sisi hatupingi zawadi. Zawadi huunganisha ndugu na majirani, na huo ni utu wetu.

Lakini tuulizane jambo moja. Hela ya zawadi ikitoka mfukoni mwetu, inakwenda wapi? Inabaki kijijini au inapanda basi na kwenda zake?

HELA HUJA KWA MSIMU

Mkulima hapati mshahara kila mwezi. Hela yake huja kwa msimu. Kwa mfano, kule Mtwara na Lindi minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo wakulima wengi wa huko hupata fedha zao karibu na Krismasi na Mwaka Mpya. Wakulima wa pamba huuza mapema zaidi, katikati ya mwaka. Desemba ikifika, wengi wao wameshatumia.

Idi nayo haina mwezi mmoja wa kudumu. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kwa siku kama 11. Mwaka mwingine inatukuta tumevuna. Mwaka mwingine inatukuta ghala ni tupu.

Hela hiyo ya msimu ndiyo ya kulimia, ya ada, ya dawa na ya sikukuu. Siku chache kabla ya sikukuu tunaona nini? Basi la mjini linajaa. Watu wanakwenda na fedha, wanarudi na mifuko. Pale kijijini fundi cherehani amekaa barazani anasubiri wateja.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Mama ana watoto 3 na anataka magauni 3 ya sikukuu.

Akienda mjini, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 10,000. Chakula cha njiani ni shilingi 3,000. Magauni 3 kwa shilingi 15,000 kila moja ni shilingi 45,000. Jumla ni shilingi 58,000. Zote zimeondoka kijijini.

Akishonesha kijijini, ananunua kitambaa mita 6 katika duka la jirani. Kwa shilingi 4,000 kila mita, hiyo ni shilingi 24,000. Kushona gauni moja ni shilingi 8,000, basi magauni 3 ni shilingi 24,000. Jumla ni shilingi 48,000. Amebakiwa na shilingi 10,000, na magauni yamepimwa kwenye miili ya wanawe.

Bei hizi ni za mfano tu. Kijijini kwenu weka bei zenu, mpige hesabu wenyewe.

Sasa tufuate zile shilingi 24,000 alizopewa fundi. Shilingi 4,000 zitanunua nyuzi, vifungo na zipu, na hizo zitakwenda mjini. Hatuwezi kusema uongo kwamba kila senti inabaki. Kitambaa chenyewe pia kimetoka kiwandani. Lakini shilingi 20,000 bado ziko kijijini. Fundi ananunua jogoo wa sikukuu kwa shilingi 12,000. Ananunua mchele wa shilingi 5,000 kwa mkulima. Anamlipa fundi baiskeli shilingi 3,000.

Yule mwenye jogoo naye ana dada zake. Anachukua zile shilingi 12,000, anawanunulia vikapu viwili kwa mama msusi. Umeona? Hela ile ile imemlipa fundi, ikamlipa mfugaji, ikamlipa msusi. Ingepanda basi, ingefanya kazi mara moja tu, tena mbali nasi.

ZAWADI ZIKO KARIBU

Wengine watasema, "Kijijini kuna nini cha kununua?" Tutazame vizuri. Kule Iringa akina mama husuka vikapu kwa milulu, na vikapu hivyo vinasifiwa mbali. Pwani ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vizuri sana. Tabora wana asali ya misitu ya miombo. Pwani na visiwani kuna mikeka ya ukindu. Hayo yote ni mambo ya vijijini, na watu wa mjini wanayatafuta.

Kwenu nako hapakosi kitu. Yuko seremala wa kutengeneza kigoda. Yuko mhunzi wa visu na majembe. Yuko mama wa maandazi na kashata. Jembe zuri lenye mpini imara ni zawadi kubwa kwa kijana anayeanza kulima.

Si kila kitu kitapatikana kijijini. Daftari, redio na dawa vitatoka mjini, na si dhambi kuvinunua huko. Tunachosema ni hiki: kabla ya kupanda basi, uliza kwanza kwa jirani.

DENI LINAUA KAZI

Hapa ndipo penye ugonjwa. Wako watu wanaokwenda kwa fundi wa kijijini na kusema, "Nishonee, wewe ni ndugu yetu, nitakulipa baada ya sikukuu." Mjini hawasemi hivyo. Mjini wanalipa taslimu. Je, huo ndio undugu?

Fikiri. Fundi ameshona magauni 20 kwa deni. Kwa shilingi 8,000 kila gauni, anadai shilingi 160,000. Sikukuu imepita. Hana hela ya nyuzi, na watoto wake ndio waliokosa nguo mpya. Akidai anaambiwa ana roho mbaya. Mwishowe anafunga cherehani yake, anahamia mjini.

Januari shule zinafunguliwa. Sare za watoto atashona nani? Sote tutapanda basi, tutalipa nauli, na suruali ikichanika mwezi wa Machi tutapanda tena. Hapo tutakuwa tumelipa lile deni, tena na zaidi. Dawa ya deni ni kulipa.

AGIZA MAPEMA, TENA ANDIKA

Tufanyeje basi?

1. Agiza mapema, wiki nne kabla ya sikukuu. Fundi ana mikono miwili tu. Ukimwendea siku mbili kabla, atalipua kazi au atakukatalia.

2. Tanguliza sehemu ya malipo, kama nusu hivi. Hela hiyo ndiyo itakayonunua nyuzi au mbao. Kama huna yote kwa mara moja, peleka kidogo kidogo kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Andikeni mapatano. Sasa tunajua kusoma na kuandika, tuitumie elimu yetu. Karatasi ndogo inatosha, kama hivi:

Tarehe 25 Novemba. Magauni 3 ya watoto. Kushona shilingi 24,000. Zimetangulizwa 12,000. Zimebaki 12,000. Kuchukua tarehe 18 Desemba.

Wote wawili watie sahihi. Mmoja abaki na karatasi, mwingine aandike katika daftari lake. Maneno husahaulika, maandishi hubaki.

4. Siku ya kuchukua, lipa zilizobaki. Usipunguze bei mliyokubaliana.

NA FUNDI NAYE ASIKIE

Undugu ni wa pande mbili. Fundi asipokee kazi asizoziweza. Tarehe 18 ikisemwa, iwe tarehe 18. Mtoto asikae ndani siku ya sikukuu kwa sababu gauni lake halijatiwa mikono. Ahadi ni deni. Kazi ikiharibika, irekebishwe bila maneno. Asali isichanganywe na maji ya sukari, na kikapu kisikatike mkono siku ya pili. Mteja akidanganywa mara moja, basi atalijua, na atawaambia wenzake.

Mafundi wanaotaka mafunzo wanaweza kuuliza katika ofisi ya SIDO ya mkoa wao. Shirika hilo la viwanda vidogo lilianzishwa mwaka 1973. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wamwone afisa maendeleo ya jamii, awaeleze habari za mikopo ya halmashauri isiyo na riba.

Ndugu wasomaji, mcheza kwao hutunzwa. Tukiwatunza mafundi wetu wakati wa sikukuu, tutawakuta bado wapo siku tutakapowahitaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sikukuu iliyopita, kila mmoja wetu alitumia kiasi gani kwa zawadi? Kiasi gani kilibaki kijijini?

2. Tajeni mafundi wote wa kijiji chetu. Yuko aliyehama au aliyeacha kazi? Kwa nini?

3. Kuna mtu kati yetu anayedaiwa na fundi? Atalipa lini?