Ukiweka Maji, Weka na Mfuniko

Mji wa Same umekaa upande wa mlima ambao mvua huukwepa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikiifikia Milima ya Pare hupanda, hupoa na kumwaga mvua huko juu. Zinaposhuka upande wa pili zimebaki kavu. Ndiyo maana Msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ni wa kijani na ukungu, huku mkulima wa Makanya, si mbali na hapo, akitazama mahindi yakinyauka.

Wapare hawakukaa kulalamika. Walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku watu wakiwa wamelala. Kukicha yanafunguliwa, maji yanaingia mfongoni, yaani kwenye mfereji, na kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo pale Bangalala ni mojawapo. Maji yapatikanayo wakati hayahitajiki yawekwe kwa ajili ya wakati yatakapohitajika: hesabu hiyo inafaa nyumbani pia.

Anza na bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita nane kwa sita, mahali panaponyesha milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 24,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, unabaki na takriban lita 19,000, yaani madumu ya lita 20 zaidi ya 900. Mvua moja kubwa ya milimita 25 inakaribia kujaza tenki la lita 1,000. Ila ndoo mbili tatu za mwanzo zisiingie tenkini, maana ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Wengi huishia kwenye kujaza tenki, na hapo ndipo ugonjwa huanzia. Mwaka 1952 homa ya chikungunya ilizuka kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Maji huko yalikuwa ya shida, watu wakiyateka mbali na kuyaweka majumbani, na watafiti wakamkuta mbu aina ya Aedes aegypti akizaliana humo humo vyomboni. Mbu huyo ndiye aenezaye pia dengue. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii.

Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa na ndoo visuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kabla viluwiluwi havijapata muda wa kuwa mbu. Tenki kubwa lifunikwe, na tundu la kupitishia maji liwekwe wavu.

Adui wa pili ni mkono wetu. Maji yanaweza kufika nyumbani yakiwa safi, kisha kila anayepita akachovya kikombe na vidole. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki.

Kubana maji kwa kuacha kunawa si kubana, ni kuhamishia gharama zahanati. Kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba ya mguuni, hunawisha mikono kwa maji kidogo sana, na sabuni ikining'inia pembeni. Maji ya kusuuzia nguo yapelekwe chooni, au kwenye shina la mpapai siku hiyo hiyo kabla hayajanuka. Na koki inayodondosha tone kila sekunde hupoteza karibu dumu zima la lita 20 kwa siku. Washa ya mpira ya kuiziba ni rahisi kuliko madumu ya mwezi mmoja.

Machi 9, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni hatua kubwa, lakini bomba halikuondoa sababu ya kuwa na tenki nyumbani. Vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kabla ya hapo safisha mfereji wa bati, sugua tenki, kagua wavu na mfuniko.