Kabla ya Kununua Ploti Lodwar

Familia inayoishi Kalemng'orok inapojikusanyia akiba ya kutosha kujipatia nyumba ya kudumu, iwe imetokana na mshahara wa ualimu, biashara ya mbuzi au duka lililo kando ya barabara kuu ya A1, kwa kawaida macho yake huelekea Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana na mji mkubwa kuliko yote katika kaunti hiyo, ukiacha kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huo watu 82,970. Idadi hiyo haitoshi kuufanya jiji, kwa kuwa sheria ya miji, jinsi ilivyorekebishwa mwaka huohuo, hutaka jiji liwe na wakazi wasiopungua 250,000 na manispaa 50,000. Hata hivyo, kwa kaunti yenye watu 926,976 waliotawanyika nyikani, Lodwar ndiyo inayobeba kazi za jiji, kwani huko ndiko kuliko na hospitali ya rufaa, ofisi za serikali, benki na uwanja wa ndege.

Mnunuzi wa Nairobi huonyeshwa nyumba iliyokwisha kujengwa, akakagua vyumba na mabomba, kisha akajadili bei. Lodwar soko la namna hiyo ni dogo mno, na kinachouzwa hasa ni ploti, yaani kipande cha ardhi kilichokatwa kwa ajili ya kujenga, ambacho mara nyingi huwa na upana wa futi 50 na urefu wa futi 100. Ndiyo maana maswali yanayotangulia kwingineko, kama vile umbali wa shule, ubora wa majirani na wepesi wa usafiri, hapa hayana budi kusubiri mpaka mawili yajibiwe: je, anayeuza ana haki ya kuuza, na mvua inaponyesha milimani, maji yake hupita wapi?

Jibu la swali la kwanza limo katika historia ya sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 huigawa ardhi yote ya nchi katika mafungu matatu, nayo ni ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya binafsi. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, ambayo hapo zamani iliitwa ardhi ya amana na kushikwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji. Ibara ya 63 ya Katiba husema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na Sheria ya Ardhi ya Jamii, iliyoanza kutumika Septemba 2016, ikaongeza kwamba kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuihamisha ardhi ya namna hiyo. Jamii ikishajisajili na kupewa hati, uamuzi wa kuuza sehemu yoyote hutaka kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Kwa hiyo mzee wa boma anayemwonyesha mgeni kipande cha nyika na kukipimia kwa hatua za miguu, hata akiwa mkweli na hata kama babu zake walilisha ngamia papo hapo, hauzi chake peke yake. Muhuri wa chifu haubadilishi jambo hilo. Chifu ni mtumishi wa utawala wa serikali ya kitaifa, na saini yake kwenye makubaliano huonyesha tu kwamba watu fulani walikutana mbele yake siku fulani.

Ndani ya mji hali hutofautiana, kwa kuwa sehemu za Lodwar zilikwisha kupangwa na kugawiwa watu tangu enzi za baraza la kaunti. Waliogawiwa walipewa barua ya mgao, nayo ni barua ya serikali inayomwarifu mtu kwamba ametengewa ploti fulani kwa masharti fulani, kama vile kulipa ada katika muda uliowekwa. Barua hizo zimekuwa zikiuzwa na kununuliwa mkono kwa mkono katika miji mingi ya Kenya kana kwamba ni hatimiliki, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake katika kesi ya Torino Enterprises mnamo Septemba 2023 na kueleza kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi anaoweza kumhamishia mwingine mpaka masharti yatimizwe na usajili ukamilike. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2023, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua katika kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha Mombasa kwamba hata hatimiliki yenyewe haimlindi mnunuzi mwenye nia njema ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kesi zote mbili zilihusu viwanja vya mbali na Turkana, lakini uzito wake huenda ni mkubwa zaidi katika mji ambao karatasi nyingi zilizomo mikononi mwa watu ni za aina hiyo ya kwanza.

Kutokana na hayo, mnunuzi mwangalifu hulichukulia neno "ina karatasi" kama mwanzo wa uchunguzi. Huomba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, nao ni ukaguzi wa rejista unaoonyesha jina la mwenye ardhi na mizigo iliyoandikwa juu yake kama vile mkopo au zuio la mahakama. Humwendea mpima ardhi mwenye leseni ili alinganishe ramani na bikoni, yaani vigingi vya mipaka vilivyosimikwa ardhini. Kisha huulizia katika kaunti kama ploti ina deni la kodi na kama imo katika mpango wa mji, kwa maana ploti inaweza kuwa halali kwa karatasi na bado ikawa imechorewa barabara katikati. Gharama za shughuli hizi humuuma anayezilipa, lakini ploti ya barua inapouzwa kwa bei ya chini kuliko ile yenye hati, tofauti ya bei hiyo ndiyo kipimo cha shaka ambayo muuzaji amemhamishia mnunuzi.

Kuna haki nyingine isiyoandikwa katika rejista yoyote. Kando ya Turkwel na mito ya msimu, Waturkana wana desturi iitwayo ekwar, ambayo huipa familia haki juu ya ukanda wa miti ya kandokando ya mto, hasa migunga, ili mifugo yake ipate majani na maganda ya mbegu wakati wa kiangazi. Mtafiti Edmund Barrow aliieleza desturi hii kwa kina katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenye ekwar huenda asionekane kwa miezi mingi akiwa ameondoka na mifugo, na mgeni akaona msitu mtupu usio na mwenyewe. Lakini atakaporudi akakuta ua wa seng'enge umeizunguka migunga aliyorithi kwa baba yake, au mbaya zaidi, akakuta visiki, mgogoro utakaofuata hautamalizwa na wakili wa mjini. Busara ni kuuliza mapema, mbele ya wazee na mbele ya akina mama wanaookota kuni hapo, nani hulisha wapi kiangazi kinapokaza.

Swali la pili ni la maji. Lodwar hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 200 kwa mwaka, na mtu aliyezoea Kitale au Kisumu huweza kudhani kwamba mafuriko si habari ya mji kama huo. Ukweli ni kinyume, kwa kuwa mji uko mahali ambapo mto Turkwel, unaoanzia Mlima Elgon, hukutana na Kawalase, ambao ni laga, yaani mto wa mchanga unaokauka sehemu kubwa ya mwaka na kujaa ghafla mvua inaponyesha juu. Turkwel umezuiwa kwa bwawa la umeme lenye uwezo wa megawati 106 huko juu, hivyo mwendo wake umepunguzwa ukali. Kawalase haina kizuizi cha namna hiyo. Maji yake hushuka kutoka vilima vya magharibi chini ya anga lisilo na wingu hata moja juu ya Lodwar, na kwa sababu hiyo laga ndogo inayoonekana kama barabara ya mchanga inastahili kuogopwa kuliko mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima.

Ardhi yenyewe hutoa ushahidi kwa anayejua kuusoma. Takataka za vijiti na nyasi zilizonasa kwenye matawi ya migunga huonyesha kimo ambacho maji yalifika. Mchanga laini usio na mawe, uliotandazwa kama shuka, ni mchanga ulioletwa na mafuriko. Na kingo zenye mizizi inayoning'inia zinasema kwamba mto bado unakula upande huo. Msitu mzito wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa katika maeneo kame ya Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, nao ni wa kutiliwa shaka, kwa kuwa hustawi palipo na maji karibu na huweza kuziba mikondo ya zamani na kuyaelekeza maji kusikotarajiwa. Anayetafuta ploti katika mitaa kama Nakwamekwi, Napetet au Kanamkemer hana budi kuitembelea baada ya mvua, na si mwezi wa Januari peke yake, wakati kila kipande cha Lodwar kinaonekana kikavu na salama.

Maji ya kunywa na umeme vinahitaji maelezo machache tu. Kampuni ya maji ya mji hutegemea visima vilivyochimbwa kando ya Turkwel, na kadiri ploti inavyokuwa mbali na bomba kuu, ndivyo bajeti ya mitungi na ya mkokoteni wa punda inavyopanda. Kisima cha kujichimbia nacho hakina budi kupimwa floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Kuhusu joto, kiwango cha kila mchana ni nyuzi 35 hivi, na nyumba ya mabati isiyo na dari huwa tanuri. Wenyeji wa zamani walijua kuezeka kwa makuti ya mikoma, na anayenunua ploti yenye mwarobaini uliokwisha kukomaa amenunua kivuli cha miaka mingi ambacho fundi hawezi kumjengea.

Si kila familia inayopaswa kwenda Lodwar. Kalemng'orok yenyewe iko barabarani, karibu na mashamba ya umwagiliaji ya Katilu, na ardhi yake huombwa kwa jirani anayefahamika. Kinachowaondoa watu ni wizi wa mifugo na mashambulizi ambayo kwa miaka mingi yameisumbua barabara kati ya Kainuk na Lokichar, na ambayo humfanya mzazi afikirie mara mbili kuhusu safari za watoto wa shule. Lokichar, iliyo kaskazini kidogo, ni somo la pekee. Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mnamo Machi 2012, wageni walimiminika, ploti zikatafutwa na nyumba za kupangisha zikaota. Majaribio ya kusafirisha mafuta kwa malori yalianza 2018 na kusimama 2020, na waliojenga kwa kutegemea wapangaji wa kampuni wakabaki na vyumba vitupu. Nyumba ya familia haifai kusimamishwa juu ya habari ya neema iliyo njiani.

Hoja hiyohiyo huigusa Kakuma, ingawa kwa namna nyingine. Kambi ilianzishwa 1992, makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu nayo kuanzia 2016, na utafiti uliotolewa 2018 na Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) la Kundi la Benki ya Dunia ulikadiria uchumi wa eneo hilo kuwa wa dola milioni 56 kwa mwaka. Soko la namna hiyo humvuta mfanyabiashara wa mbuzi au wa mahindi, lakini sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa wafadhili, na misaada inapokatwa biashara husinyaa mara moja. Mto Tarach nao hufurika na kubomoa nyumba za kingo zake. Kupanga chumba na duka Kakuma huku makao yakiwa kwingine ni uamuzi wenye mantiki zaidi kuliko kuhamishia huko akiba yote.

Wapo pia wanaoikimbia Turkana kabisa na kununua Kitale, au Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, wakivutwa na shule, baridi na hatimiliki zilizo wazi zaidi. Huko ardhi nyingi ya nje ya mji ni ya kilimo, na mauzo yake hutaka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo bila yake mkataba huwa batili baada ya miezi sita. Ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake, tofauti ambayo familia nyingi huisahau mpaka wakili anapoleta hesabu.

Kokote nyumba itakakonunuliwa, mauzo ya nyumba ya ndoa hutaka idhini ya mume na mke kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mnunuzi anayeuziwa nyumba na mume peke yake, huku mke akiwa malishoni Loima au kwa wazazi wake Kalemng'orok, ana haki ya kudai saini ya mke huyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, na jina la mke wake mwenyewe linafaa kuandikwa katika hati mpya tangu siku ya usajili, kwa kuwa kuliongeza baadaye huhitaji ada nyingine, fomu nyingine na ridhaa ambayo wakati huo huenda isipatikane.