Taa za rivasi: fyuzi kwanza, swichi baadaye

WENYE pikapu za zamani wanaobeba samaki, chumvi na korosho kati ya Msimbati na Mtwara mjini wanaweza kupunguza gharama za gereji iwapo hitilafu ya taa za rivasi itatafutwa kwa utaratibu, badala ya kubadilisha spea kwa kubahatisha.

Hitilafu hiyo hupuuzwa kwa kuwa gari huendelea kutembea. Hata hivyo, hasara yake huonekana alfajiri penye mnada wa samaki au usiku ghalani, dereva anaporudi nyuma kwenye wapagazi, baiskeli na mizigo iliyopangwa chini. Tenga la samaki likipondwa, faida ya safari imekwenda. Mtu akigongwa, hakuna faida itakayofidia.

Katika gari la gia za manyuali, swichi ya rivasi hufungwa kwenye giaboksi. Gia ya nyuma inapoingia, hubonyeza kichwa cha swichi, na umeme uliopita kwenye fyuzi huenda hadi kwenye balbu. Njia hiyo ni fupi, hivyo kila sehemu yake inaweza kupimwa.

Ukaguzi wa kwanza haugharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, matairi yawekewe vizuizi, breki ya mkono ivutwe, swichi ya ufunguo iwashwe, kisha gia ya nyuma iingizwe. Taa moja ikiwaka na nyingine isiwake, fyuzi na swichi ni nzima. Kosa liko kwenye balbu, soketi yake au waya wa ethi wa upande huo.

Katika pwani ya Ghuba ya Mnazi, sehemu hizo ndizo za kutiliwa shaka mapema. Hewa ya chumvi, pamoja na maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye matenga, huzalisha kutu ya kijani kwenye soketi na maungio ya waya. Mara nyingi kusugua kwa msasa laini na kukaza ethi hutosha.

Taa zote mbili zisipowaka, ifuate fyuzi. Katika magari mengi fyuzi hiyo huhudumia pia vifaa vingine, kama indiketa au geji za dashibodi. Navyo vikiwa vimekufa, fyuzi ndiyo ya kushukiwa. Balbu mbili za wati 21 kwenye umeme wa volti 12 hutumia ampea 3.5 tu. Kwa hiyo fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya uliochubuka na kugusa bodi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake, ni kukaribisha moto.

Fyuzi ikiwa nzima, plagi ya swichi kwenye giaboksi ichomolewe na nyaya zake mbili ziunganishwe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, kosa liko kwenye swichi au kwenye giaboksi yenyewe. Zisipowaka, kununua swichi ni kutupa fedha: kosa liko kwenye waya, ethi au balbu.

Hata swichi iliyotiwa hatiani ipimwe kwanza. Ifunguliwe, kichwa chake kibonyezwe kwa mkono huku tesa ikiwa imeunganishwa. Ikipitisha umeme, swichi ni nzima, ila haibonyezwi vya kutosha, aidha kwa sababu washa yake ni nene mno au vyuma vya gia vimelika. Wakati wa kuirudisha, washa iwe nzima na kiwango cha oili kikaguliwe, kwani giaboksi inayovuja hugharimu kuliko taa.

Aidha, anayetafuta pikapu iliyotumika kwa ajili ya msimu wa korosho aombe gia ya nyuma iingizwe kabla hajataja bei. Taa zisipowaka, muuzaji aeleze kosa liko wapi. Akijibu kwamba ni swichi tu, waya mfupi wa kuunganisha plagi utathibitisha au kukanusha kauli hiyo kabla fedha hazijatolewa.