Uzamili wa kompyuta na watoto nyumbani: hesabu masomo kwanza

Mzazi mwenye kazi anayetamani shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta huuliza ada kwanza. Aulize pia masharti ya masomo, maana ndiyo yatakayokula usingizi wake.

Mfano ni Georgia Tech ya Marekani, inayotoa shahada hiyo kwa intaneti tangu 2014. Masomo ya kumaliza ni 10. Ubobezi wa ujifunzaji wa mashine unakupangia matano, likiwamo la algoriti, matano unajichagulia. Ubobezi wa mifumo ya kompyuta unapanga sita, hivyo uhuru wa kuchagua unapungua.

Mtihani mkubwa ni mwaka wa kwanza: ndani ya miezi 12 ufaulu masomo mawili ya msingi kwa B au zaidi. Ukichukua somo moja kwa muhula, mihula mitatu, una nafasi moja tu ya kuteleza. Kama mnatarajia mtoto mchanga au mnauguza mzee, subirini mwaka mwingine.

Kwa mwendo huo utamaliza kwa miaka mitatu na ushei. Kaeni na mwenzako mkubaliane mapema: jioni zipi za kitabu, zipi za watoto.